Kiingereza cha Baba na Posa ya Dada Yunisi

Ninyi mliokua wakati kipande cha sabuni kikikatwa kwa uzi ili nyumba mbili zigawane, haya ni ya kwetu. Wajukuu zangu nikiwaambia kwamba tulifua sare za shule kwa majani ya mpapai, wananitazama kama nawasimulia habari za mwezini. Lakini tulifua, na sare zilitakata, au labda macho yetu hayakuwa na cha kulinganisha. Kijiji chetu kilikuwa kwenye vilima vya Mbozi, juu ya Vwawa, na asubuhi zake zilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Tulikimbia mchakamchaka ukungu ukiwa bado umelala barabarani, kila mmoja na kidumu chake cha maji na fagio kwapani, tukiimba nyimbo za kujenga nchi, ingawa wengi wetu tulikimbia ili miguu ipate moto. Msimu wa kahawa ukifika tulichuma huku tukifyonza utamu wa maganda mekundu. Harufu ya kahawa iliyolowekwa ilituganda kwenye nywele, hata kanisani Jumapili mtoto wa mkulima ungemjua ukiwa umefumba macho.

Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na mdako kwa mawe tuliyoyachagua mtoni. Mimi katika michezo hiyo yote sikuwa lolote. Kwenye rede nilikuwa wa kwanza kupigwa mpira, na kwenye mdako jiwe likipanda juu halikushukia kiganjani mwangu ila puani. Sifa yangu ilikuwa moja tu: nilijua Kiingereza. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kijiji kizima kiliamini pamoja nami, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kutupinga.

Kiingereza hicho nilipewa na baba. Baba alikuwa mwinjilisti, mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata mbuzi wanapoingia kwenye maharage. Ujanani alimhudumia mmisionari mmoja mzee, na mzee yule alipoondoka kurudi kwao alimwachia kitabu cha mahubiri cha Kiingereza, kikongwe kuliko wote wawili, chenye kurasa za rangi ya chai. Baba alijifunza Kiingereza chote humo. Hakuwa amewahi kuishi na watu wanaokizungumza, na kikisemwa kwa kasi redioni masikio yake yalikuwa kama yamezibwa nta. Lakini ukimpa kitabu chake, angekusomea ukurasa mzima na kukueleza kila neno.

Jioni, tukipukuchua mahindi jikoni, alinifundisha neno moja moja. Dada yangu Yunisi alikuwa mkubwa na hakuwa na subira na masomo hayo, na wa kiume nyumbani hakuwepo, kwa hiyo hazina yote ikanishukia mimi.

"Lidia," baba angesema, "suffer ni kuruhusu. Ukitaka kupita mbele ya mkubwa, mwombe akusuffer."

"Naam, baba."

"Na peculiar ni kitu cha thamani ambacho mtu amejiwekea kiwe chake peke yake. Na bowels ni huruma. Mtu mwema ana bowels."

Wenye kujua Kiingereza cha sasa wameshaanza kucheka. Wasiojua niwaambie mapema ili tucheke pamoja: leo suffer ni kuteseka, peculiar ni wa ajabu, mtu ambaye hayuko sawa, na bowels ni matumbo. Maana alizonifundisha baba zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za Waingereza waliokwisha kufa zamani sana. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulijua Waingereza waliondoka nchini. Hatukujua kwamba na maneno yao yaliwaponyoka.

Hata shuleni hakuna aliyenishtua. Siku moja darasani nilibanwa na haja, nikanyoosha mkono, nikamwambia mwalimu wetu kwa Kiingereza, "Suffer me to go out." Mwalimu, kijana aliyetoka chuoni juzi, alilisikia lile suffer, akautazama uso wangu uliokunjamana, akadhani nateseka. Akaniambia nikimbie haraka. Nilitoka nikiwa nimevimba kichwa. Kumbe nikitaka ruhusa, Kiingereza changu kinafanya kazi kuliko cha wenzangu. Tangu siku hiyo nilianza kutembea kwa namna fulani, shingo imenyooka kama nimebeba ndoo. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa akiniletea mifuko mitupu ya mbolea nimsomee maandishi. Nisipoelewa nilibuni. Namshukuru Mungu kahawa yake haikufa.

Sasa, Yunisi. Dada yangu alikuwa binti wa kazi, mkavu wa maneno, mwenye kicheko cha nadra kilichokufanya utamani kukisababisha. Alipomaliza shule alikwenda Tunduma kumsaidia shangazi kuuza maharage na mchele karibu na mpaka. Tunduma ya miaka ile haikuwa mji mkubwa kama ilivyo leo, lakini kwetu sisi wa vilimani ilikuwa dunia nzima: wafanyabiashara wenye kofia za kufuma, malori yenye vumbi la nchi tatu, wanawake wa Zambia waliovuka asubuhi na kurudi jioni. Yunisi alikaa huko misimu kadhaa, akija nyumbani wakati wa kuchuma. Kisha ikaja habari kwamba kijana mmoja wa Zambia, wa kabila la Wabemba, fundi wa reli aitwaye Chileshe, anataka kumposa.

Baba hakuipenda. Hakusema kwa ukali, lakini alisema.

"Watu hao hatuwajui. Hatujui lugha yao wala wao hawajui yetu. Binti yangu akilia huko, atalia kwa lugha gani?"

Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, alimjibu bila kuinua macho. "Kilio hakina lugha. Wasikilize kwanza."

Baba akakaa na jambo hilo siku nyingi. Mwishoni akasema atawasikiliza mara moja tu. Wakielewana, sawa. Wasipoelewana, jambo lisizungumzwe tena nyumbani mwake. Yunisi aliambiwa. Alichukua jembe akaenda kupalilia kahawa ambayo ilikuwa imeshapaliliwa.

Siku ya ugeni nyumba ilinukia kuku na mchele wa Kamsamba. Kwa desturi, mposaji mwenyewe hakuja. Alimtuma mjomba wake, mzee mnene mwenye koti la suti na kofia mkononi, aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Kopabeti, pamoja na ndugu mmoja mkimya. Walishuka kwenye treni Vwawa wakapanda mlima kwa miguu, wamebeba sukari, chumvi na miche ya sabuni iliyowafanya mama zetu wasahau kusalimia. Aliyekosekana alikuwa mkalimani. Walikuwa waje na mfanyabiashara mmoja wa Tunduma anayejua Kibemba na Kiswahili, lakini alizuiwa mpakani kwa sababu ya gunia la sukari ambalo hakuwa na maelezo nalo. Wageni hawakujua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "asante". Kiingereza walikijua.

Baba mkubwa, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya ukoo, alishauri siku iahirishwe. Baba akatikisa kichwa, na usoni mwake niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kabla: majivuno.

"Lidia yupo," alisema.

Nilivaa gauni la Krismasi. Nilijipaka mafuta mpaka magotini. Nilipopita jikoni, Yunisi, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, alinishika mkono.

"Lidia, usiongeze neno lako. Wanachosema, useme hicho hicho."

"Nitakisema vizuri zaidi," nikamjibu. Alinitazama kwa huzuni kama anayetazama mvua ikielekea kwenye kahawa iliyoanikwa.

Nilipiga magoti mkekani, katikati ya wazee, na kuanza kazi. Mjomba alikuwa anajishusha kwenye kiti. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya ibada, kwamba baba yangu "suffers you to sit." Nilimaanisha anawaruhusu kukaa. Yeye alisikia kwamba baba anateseka wao wakikaa. Akasimama. Ndugu yake naye akasimama. Wazee wetu, kwa heshima, wakasimama pia. Tukawa wote tumesimama pale sebuleni hakuna ajuaye kwa nini, mpaka baba mkubwa aliposema, "Mbona hawakai?" akakaa yeye, nao wakafuata taratibu wakimwangalia baba usoni.

Baba akaninong'oneza niwaambie kwamba amewapokea kwa huruma na upendo. Hilo nililisubiri. Nikawatangazia wageni kwamba "my father's bowels are moved for you."

 Alichosikia mjomba ni kwamba matumbo ya baba yamechafuka, tena kwa ajili yao. Akamtazama baba. Baba, aliyelitambua neno lake mwenyewe, akatabasamu, akaweka kiganja tumboni na kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Basi mzee wa watu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kikaratasi chenye vidonge, akampa baba kwa mikono miwili.

"Anasemaje?" baba akauliza.

Sikuwa nimeelewa kila neno. "Anakupa dawa, baba. Nadhani ni zawadi ya kwao."

Baba hakutaka kuwavunjia heshima wakwe. Aliagiza maji, akavimeza vyote mbele yao. Vilikuwa vya kufunga tumbo, na tumbo lisilo na shida yoyote lilifungwa sawasawa. Wiki ile baba hakufurahia chakula wala chochote kinachofuata chakula, lakini hilo tulilijua baadaye.

Kisha tukafika kwenye jambo lenyewe. Mjomba alisema kwamba mpwa wake amemsifu sana binti, akaomba kusikia habari zake kutoka kwa wazazi. Baba mkubwa akaniambia, "Mwambie huyu ni mtoto wetu wa thamani, hatuna mwingine kama yeye."

Nikasema, "She is very peculiar."

Mjomba akasogeza kiti mbele. "Peculiar kwa namna gani, na tangu lini?" aliuliza kwa Kiingereza, polepole, kama daktari.

Nikamfikishia baba mkubwa: anauliza ni wa thamani kwa namna gani, na tangu lini.

"Tangu mdogo," baba mkubwa akasema, akichangamka. "Tena amerithi. Mama yake yuko hivyo hivyo, na bibi yake alikuwa hivyo mpaka kufa."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno, kama Yunisi alivyoniusia. Mjomba akatazamana na ndugu yake.

"Na hali hiyo huja mara kwa mara?"

"Anauliza kama yuko hivyo siku zote," nikasema.

"Kila siku," akajibu baba mkubwa. "Hata Jumapili."

Baba akaongeza kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza chake mwenyewe, taratibu, macho yakimng'aa. "Most peculiar," alisema.

Nilidhani wamependezwa. Mjomba alichukua kofia yake kutoka gotini. Alimweleza ndugu yake jambo kwa Kibemba, kwa sauti ya chini, kisha akaniambia wanashukuru, wameona, na sasa watakwenda kushauriana na wenzao. Chakula hawangengoja. Niliposema hayo kwa Kiswahili, uso wa baba ulipoteza rangi. Hata mimi, pamoja na gauni langu la Krismasi, nilielewa kwamba mtu anayeacha kuku jikoni akashuka mlima na njaa haendi kushauriana. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi. Ile mara moja ya baba ilikuwa inaondoka na kofia ya mgeni.

Hapo ndipo Yunisi alipotokea. Alitoka jikoni na khanga ya kazi, majivu mikononi, bila kuitwa na mtu. Shangazi, aliyekuja naye kutoka Tunduma, alijaribu kumvuta nyuma. Alipita, akapiga magoti mbele ya mjomba, akapiga makofi ya taratibu ya heshima.

"Mwapoleni mukwai," alimsalimu.

"Eya mukwai," mzee akajibu, kofia ikiwa nusu ya njia kuelekea kichwani.

Dada yangu akaanza kuzungumza Kibemba. Hakikuwa cha kuomba chumvi sokoni. Kilikuwa kirefu, chenye vituo na mizunguko, na kilitiririka. Baadaye alinieleza aliyoyasema. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa amemsikia mjomba akimwambia mwenzake kwamba Chileshe amedanganywa, kwamba ukoo huu una wazimu na wazazi wenyewe wamekiri. Alimwambia kwamba Kiingereza cha mdogo wake kimetoka kwenye kitabu cha kanisa cha zamani, kwamba peculiar ya baba yake ni kipenzi na bowels zake ni huruma, na kwamba akili zake ni timamu, akitaka amuulize lolote.

Mzee akamuuliza, "Ukiolewa na mpwa wangu utakaa wapi?"

"Kazi yake itakapompeleka," Yunisi akajibu. "Ila kahawa ikiiva nitakuja kumsaidia mama."

Mjomba akaanza kutikisika. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu kiti. Alicheka mpaka akatumia kofia kujifutia machozi. Ndugu yake mkimya alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Wazee wetu wakacheka pia, kwa sababu mgeni akicheka hivyo huwezi kumwacha peke yake.

Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama Yunisi.

"Lugha hiyo umeijua lini?"

"Tunduma, baba. Polepole."

"Nani alikufundisha?"

Yunisi aliinamisha kichwa. Kicheko kikazimika. Kila mtu sebuleni alijua jibu, maana lugha ya namna ile haifundishwi na wauza nyanya, wala haifundishwi kwa mwezi mmoja. Ilikuwa misimu yote ile ya kukaa kwa shangazi. Shangazi alijifanya anatafuta kitu sakafuni. Baba alimtazama tena Yunisi, kuku akitokota kule jikoni. Nadhani alikuwa akilirudia lile swali alilomuuliza mama, kwamba binti yake atalia kwa lugha gani, na jibu lilikuwa limepiga magoti mbele yake.

"Basi kaa hapo," alisema hatimaye. "Muulize mgeni kama ataweza kula nasi."

Hivyo dada yangu akawa mkalimani wa posa yake mwenyewe, jambo ambalo wazee wa kijiji walilizungumza mpaka msimu uliofuata. Mimi baba mkubwa aliniambia, bila ubaya wowote, "Lidia, mama, hebu kaangalie moto." Nilikwenda. Moto ulikuwa hauna shida. Nililia pale na gauni langu la Krismasi, mafuta ya magotini yakinasa majivu.

Yunisi aliolewa baada ya mavuno. Jioni moja, baada ya harusi, baba alinikuta nikipukuchua mahindi peke yangu, akakaa.

"Hili peculiar," alisema, "watu siku hizi wanalitumia vipi?"

Nilimweleza nilivyoelezwa na Yunisi. Nikamweleza na mengine mawili. Alisikiliza kwa makini, mwalimu akimsikiliza mwanafunzi wake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo maneno yamehama?"

"Yamehama, baba."

"Na hakuna aliyetuarifu." Akachukua gunzi akaendelea kupukuchua. "Basi neno la kesho tutauliza kwanza kama limehama."

Niliingia sekondari na Kiingereza hicho. Mwalimu wangu wa kwanza alisoma insha yangu akaniuliza kama ninaishi na mzimu. Ilinichukua miaka kuyatoa maneno ya baba kichwani na kuingiza ya watu walio hai, na mpaka leo sijafaulu vizuri kwa yote mawili. Wajukuu zangu wanasoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Wanakiongea kwa pua, wanakula nusu ya herufi wanapoandika kwenye simu, na mmoja aliniandikia ujumbe wa konsonanti tupu nikadhani simu imeingia maji. Wakitaka maana ya neno wanaiuliza simu, simu inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza, na kesho yake wamelisahau. Sisi neno moja lilitutosha jioni nzima. Tulilipukuchua pamoja na mahindi, tukalala nalo, na hata kama lilikuwa limepitwa na wakati kwa miaka mia mbili, lilikuwa letu.

Baba ametutoka siku nyingi. Yunisi yuko ng'ambo ya mpaka na wajukuu wake wanaozungumza Kibemba, na kahawa ikiiva bado huja, ingawa sasa anakaa kivulini na kutuelekeza. Mimi wakati mwingine nikiwa shambani peke yangu huyatamka maneno yale ya zamani kwa sauti, moja baada ya jingine, kwa maana alizonipa yeye. Tulikuwa watu wawili tuliozungumza Kiingereza kile katika nchi nzima. Nayatamka vizuri, bila kukosea hata moja, na hakuna anayejibu.